Shelfu kung'oka na lipu yake

Pole sana dada yangu wa Uyole, umesema shelfu la jikoni limedondoka na kipande cha lipu na mchele wote wa Kyela ukamwagika chini, hiyo inauma. Ila usimlaumu ukuta, shida ni msumari uliishia kwenye lipu tu. Lipu ni kama sentimita moja na nusu hivi, haibebi kitu, kinachobeba ni tofali lililoko nyuma yake.

Tafuta mtu mwenye drili, atumie biti ya zege ya milimita 8, na we simama hapo uangalie vumbi, likitoka la kijivu bado ni lipu, likianza kutoka jekundu ndo umefika kwenye tofali la kuchoma, aendelee kama sentimita 6 tena. Ikizama kirahisi kama inatoboa ugali basi umeangukia kwenye maungio ya tofali na tofali, na huku kwetu Nyanda za Juu nyumba nyingi zimejengewa udongo pale katikati, hamia juu au pembeni kidogo upate tofali lenyewe. Halafu fisha ya 8 (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani) na skrubu ya inchi 3, isukume fisha ipite lipu yote iingie ndani ya tofali.

Usitoboe juu wala chini ya swichi, kuna nyaya humo, tafadhali sana.

Kama ni tofali mbichi achana na kutundika kabisa, tengeneza shelfu la kusimama chini. Na ndoo ya unga ya lita 20 ikae chini dada, watoto wanapita hapo.