Stata inagonga "tak" halafu kimya: fungua kabla hujanunua

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Hiace ya dizeli, gia za mkono, inapakia abiria baina ya Wete na Chake. Asubuhi inawaka mara moja. Ikifika saa sita, saa saba, injini ishapata moto, nazungusha ufunguo nasikia "tak" moja tu, basi. Nikirudia mara tano sita inawaka kama haikuwa na kitu. Siku nyengine inagoma moja kwa moja, abiria wanashuka kusukuma. Betri niliinunua kabla ya Ramadhani. Fundi mmoja kasema stata imekufa, nitoe laki mbili na nusu niletewe nyengine ya mtumba kutoka Unguja. Mwengine kaniambia ndani mna vishaba vinabadilishwa. Nimsikilize nani?
Dereva, Wete

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, huyo wa pili ndiye niliye naye, na nitakuonyesha namna ya kuhakikisha kabla hujatoa senti. Stata haifi yote kwa pamoja. Ndani yake mna mota, mna meno, na mna swichi kubwa ya umeme tunayoiita solenoidi. Kwenye hizi stata za Denso zinazokuja na Hiace, kinachotangulia kuchoka mara nyingi ni hiyo swichi, na ndani ya swichi yenyewe ni vipande viwili vya shaba unavyoweza kuvifumbata kwenye kiganja.

Anza na sikio. "Tak" moja nzito, na taa za dashibodi hazififii, maana yake solenoidi imevuta lakini umeme haukuvuka kwenda kwenye mota. Ukisikia "tatatata" ya haraka na taa zinakaribia kuzimika, hiyo ni betri au vichwa vyake. Kimya kitupu ni waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo, rilei (swichi ndogo inayopitisha umeme huo) au swichi ya ufunguo yenyewe. Yako ni ile ya kwanza.

Hata hivyo vichwa vya betri visafishe kwanza, hata kama betri ni mpya. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na gari ikibeba ndoo za samaki kutoka bandarini maji yake yanachuruzika kila pahala. Vua vichwa, osha kwa maji ya moto na magadi, kausha, piga msasa mpaka ing'are, kaza, paka grisi. Waya wa eathi kutoka injini kwenda kwenye chesisi ufanyie hivyo hivyo. Kazi ya nusu saa.

Sasa chukua mita, iweke kwenye volti za DC, na pima wakati gari imegoma. Hili nalisisitiza kwa sababu mafundi wengi hupima asubuhi, wakati kila kitu ni kizima, halafu wanabahatisha. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Ingia chini ya gari, tafuta nati mbili kubwa nyuma ya solenoidi: moja imeshika waya mnene unaotoka kwenye betri, ya pili imeshika waya mfupi unaozama kwenye tumbo la mota. Gari iwe fri na handibreki imekazwa, mwenzako ashikilie ufunguo. Waya mweusi wa mita uweke kwenye chuma cha injini, mwekundu uguse nati ya kwanza, kisha ya pili. Ikiwa ya kwanza inasoma 12 au karibu yake na ya pili inasoma sifuri, au 2, au 3, umeme unaingia kwenye solenoidi na hautoki. Hapo, ikiwa ile tamino ndogo ya solenoidi, pale unapoingia waya mdogo wa ufunguo, nayo inapata volti 8 au zaidi, huna haja ya kumuuliza mtu tena: ni vishaba. Ikiwa zote mbili zinasoma karibu 12 na mota haizunguki, tatizo limehamia ndani ya mota: kwenye kaboni zinazoipelekea umeme, au amecha, kile kiini cha waya kinachozunguka.

Kwa nini vishaba vinakwisha? Taa kubwa ya mbele ya wati 55 haivuti hata ampea 5. Stata ya dizeli inapoanza kuisukuma injini inaweza kuvuta zaidi ya 200, na umeme wote huo unapita kwenye kisahani cha shaba kilicho mwisho wa mchi wa solenoidi. Ufunguo ukizungushwa, mchi unavutwa, kisahani kinagusa vishaba viwili kwa pamoja, umeme unavuka. Kila kikigusa na kila kikiachia, cheche inaruka na kula shaba kidogo. Gari ya abiria inazimwa na kuwashwa mara ngapi kwa siku? Hesabu mwenyewe.

Na hapa ndipo ilipo siri ya "mara tano sita". Kisahani hakikufungwa upande mmoja, kinajizungukia kwenye mchi. Kimeshaliwa pahala na kubaki na mabonde, lakini pengine bado pana uzima. Kila "tak" inakigeuza kidogo. Kikiangukia upande mzima, gari inawaka. Mchana tabu inazidi kwa sababu koili ya solenoidi ni waya wa shaba, na shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Mvuto unapungua, na kisahani kilichoisha hakikandamizi sawasawa.

Miaka ya nyuma nilimnunulisha mteja stata ya mtumba kwa dalili hizi hizi zako. Baada ya miezi mitatu alirudi na "tak" ile ile. Nikazifungua zote mbili juu ya meza. Ile ya zamani, mota yake ilikuwa nzima kabisa, kaboni ndefu, amecha safi. Ile ya mtumba, kishaba kimoja kilikuwa kimelika mpaka kimebaki kama ukucha. Kumbe nilimuuzia mtu uchovu wa gari ya mwenziwe kwa bei ya stata nzima. Nilimtengenezea bila ya malipo, na tangu siku hiyo stata ya mtumba siifungi kwenye gari mpaka niione ndani.

Kuifungua si kazi kubwa. Toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, maana ule waya mnene una umeme muda wote na kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi. Spana ikigusa chuma utaungua mkono. Ishushe stata, isafishe nje. Kifuniko cha mviringo nyuma ya solenoidi kimeshikwa na bolti tatu ndogo. Ukikivua utauona mchi na kisahani chake, na springi yake. Ushike wima usiuinamishe: nyuma ya mchi mna gololi ya chuma, ikidondoka kwenye mchanga ukaipoteza, stata haifanyi kazi. Mimi huweka sinia chini kabla sijagusa kitu.

Tazama vishaba. Kile cha upande wa betri ndicho kinacholika zaidi, kina bonde la duara lililoachwa na kisahani, na kingo zake nyeusi. Usikipige msasa ukadhani umemaliza. Ukikipunguza unazidi kukiweka mbali na kisahani. Badilisha vyote viwili, na mchi pia. Maduka ya spea huuza seti yake, na upande wa betri na upande wa mota havifanani, kwa hiyo nenda na vya zamani mkononi. Wakati wa kukaza, hakikisha vimekaa usawa mmoja. Kimoja kikiinuka japo kidogo, kisahani kitagusa upande mmoja tu na cheche zitakila ndani ya muda mfupi.

Seti ikikosekana, fundi mzuri anaweza kukuchongea kwa tupa, lakini iwe shaba nyekundu. Ile ya njano, kama ya misumari ya milango ya Mji Mkongwe, inapitisha umeme kiasi cha robo tu ya nyekundu, itachemka. Na asikujazie bonde kwa risasi ya kulehemu. Risasi inayeyuka kwa joto dogo, na siku itakapoganda kwenye kisahani stata haitaachia, itazunguka mpaka waya uwake moto. Hilo si la kujaribu kwenye gari yenye abiria.

Kabla ya kuirudisha, ibane kwenye jiriwa na uijaribu kwa nyaya za kubusti: nyeusi kwenye mwili wa stata, nyekundu kwenye nati ya betri, halafu gusa tamino ndogo kwa kipande cha waya, sekunde tatu tu. Jino liruke nje na kuzunguka kwa nguvu, bila kusita. Rudia mara kumi.

Ukiwa umeshafungua, angalia kaboni nazo; zikifika nusu ya urefu zibadilishe, nazo ni spea ndogo. Nitakwambia nunua stata nzima pale tu amecha inaponuka moto na waya zake zimeungua, au maji ya chumvi yamekaa ndani mpaka nyumba ya stata imelika. Hata hapo, hiyo utakayonunua ifunguliwe mbele yako.

Na ukipima ile tamino ndogo wakati gari imegoma ukakuta haifiki volti 8, usiishushe stata. Umeme unapotelea njiani. Anza na swichi ya ufunguo na rilei, kisha ufuate waya mpaka chini.