Nimepitiliza siku tisa

Ujumbe huo uliingia Jumatatu usiku. Binti wa Mbagala anauliza eti chai ya rangi nzito, bila sukari, inashusha hedhi kweli? Nikabaki nimeshika simu, nikajiona mwenyewe mwaka 2008.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa shangazi Temeke. Mwalimu wetu wa bayolojia alipofika sura ya uzazi alisema, "Hii mtasoma wenyewe." Darasa likacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Sijamsamehe mpaka leo. Siku za hatari nilifundishwa na shoga yangu saluni, tena kinyume: katikati ya mzunguko ndiko salama, alisema.

Yaliyofuata siyamalizi. Chumba cha uani, elfu hamsini, kanga mbili zimelowa. Siku tatu nilijificha na homa, kwa kuwa niliambiwa hospitali wataita polisi. Shangazi ndiye aliyeniburuta hadi kwenye teksi. Nesi hakunisema. Siku ya kuruhusiwa alichora duara nyuma ya kadi yangu, akaweka vidoti vya siku za kushika mimba, kisha akaniambia: "Mzunguko ukiyumba, usiliamini hili. Njoo upewe njia." Dakika kumi tu.

Sasa mdogo wangu, sikiliza. Sheria yetu inaruhusu mimba kutolewa pale tu uhai wa mama uko hatarini, na Kanuni ya Adhabu inaweza kumfunga mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Lakini kutibiwa mimba ikiharibika ni huduma halali, hospitali za serikali wanaitoa. Ukitokwa damu nyingi, nenda saa hiyohiyo. Chai haishushi kitu. Pima kwanza, maana kupitiliza si lazima iwe mimba. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, mapema ndiyo bora, na haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Sindano, kijiti, kitanzi: vituo vya serikali ni bure. Nenda, nakwambia nenda.

Na nyie akina mama mnaosema tukiwafundisha watajua mambo: mambo wanayajua tangu zamani! Hesabu ndiyo hawana. Mnawaficha duara, halafu mnawalaumu kwa kupotea.

Yote haya nilimwandikia usiku uleule. Tiki mbili za bluu, kimya. Nimepiga mara mbili, haipokelewi. Kama unasoma hapa, mdogo wangu, namba yangu ni ileile.