Haidrenjia ikilegea usikimbilie kuitupa

Kwa wewe unayeanza kushika maua, iwe umeingia kwenye kazi ya mapambo au unataka tu meza yako ipendeze, jua mapema kwamba haidrenjia (hydrangea), lile ua lenye kichwa kikubwa, ina vituko vyake. Unaiweka jioni imejaa vizuri, asubuhi unaikuta kichwa kimeinama, shingo imelegea, ukiigusa unahisi kitambaa kibichi, na watu wengi hapo hapo wanasema imekufa wanaitupa. Haijafa bana, ina kiu tu. Mara nyingi hata maji kwenye chombo yanakuwa yamejaa tele na yenyewe juu inakauka.

Sasa kwa nini inapata kiu wakati imesimama kwenye maji? Shina lake ukilikata linatoa utomvu unaonata, ule utomvu unaziba pale pale penye mkato, halafu hewa nayo inaingia kwenye vile vijimirija vya kupandisha maji, kwa hiyo njia inafungwa. Na huku juu kuna kichwa kikubwa kinachopoteza maji kutwa nzima. Zile rangi unazoziona wala sio petali, ni sepali, yaani vile vijani vinavyofunika ua likiwa bado tumba, maua yenyewe ni yale madogo madogo ya katikati ambayo hakuna anayeyaangalia. Ukielewa hivyo, mambo mengine yote ni kuzibua njia na kupunguza matumizi ya maji huko juu, basi.

Kwa hiyo kabla ya chochote jifunze kuifufua. Chemsha maji, mimina kwenye kikombe kirefu. Kata shina mshazari kama sentimita 2 au 3 kwa kisu kikali au mkasi mkali, chovya ile ncha tu kwenye maji ya moto sekunde 30 hivi, halafu moja kwa moja kwenye maji ya kawaida yenye kina. Angalizo, kichwa kiinamishe pembeni, mvuke ukikipiga ndo umekiua kweli. Ncha itabadilika rangi kidogo na kulainika, usishtuke. Kama bado imelegea sana, chukua beseni la maji ya baridi (sio ya barafu) ukizamishe kichwa chote humo, kitataka kuelea kwa hiyo kigandamize na sahani nyepesi, nusu saa mpaka saa moja inatosha, kwa sababu zile sepali zenyewe zinanyonya maji, jambo ambalo maua mengi hayawezi. Ukitoa kung'uta taratibu, simamisha kwenye chombo chake penye kivuli uendelee na shughuli zako, ikikubali utaiona inanyanyuka ndani ya masaa machache. Ila ikishakuwa ya kahawia na inakatikakatika kama chipsi hiyo basi, imeenda. Na usiilaze kwenye beseni usiku kucha, inaota madoa.

Kuna wanaotumia shabu badala ya maji ya moto. Shabu ya mawe unaiponda iwe unga laini, ukishakata shina unachovya ncha kwenye unga palepale kabla utomvu haujakauka, halafu ndani ya maji. Inafanya kazi vizuri na haina hatari ya kujiunguza, mi nikiwa na mashina mengi naenda na shabu, nikiwa na mawili matatu nachemsha maji. Shabu ina aluminiamu, na aluminiamu kwenye udongo wenye asidi ndo inaifanya haidrenjia itoe maua ya bluu, kwa hiyo kuna mtu atakuuliza kama ua lake la pinki litageuka bluu kwenye chombo. Halitageuka, ile kazi inafanyika mti ukiwa bado ardhini na inachukua muda.

Kuhusu kuponda shina kwa nyundo, utaambiwa sana, mi sikushauri. Unavunja vile vijimirija na unawapa bakteria pa kujificha. Kama shina ni gumu kama mti, lipasue kwenda juu sentimita 2 kwa kisu, inatosha.

Unapochagua, pitisha vidole juu ya kichwa. Kikiwa laini sana na katikati bado kuna tumba nyingi za kijani, hicho ni kichanga, kitakusumbua hata ukifanyeje. Unataka kile kinachohisi kama karatasi kidogo, kimeshika vizuri. Kama unakata mwenyewe bustanini kata alfajiri, tembea na ndoo ya maji, usiyabebe mkononi huku unapiga stori.

Majani toa karibu yote, yanakunywa maji kuliko unavyodhani, na yoyote yanayozama kwenye chombo yanaoza. Chombo kioshe kwa sabuni. Maji badilisha kila siku au siku moja baada ya nyingine, na kila ukibadilisha kata shina kidogo tena. Sukari peke yake usiweke, unawalisha bakteria. Weka mbali na jua la dirishani na feni, feni hasa, watu wanaisahau.

Ukifuata haya unapata wiki na zaidi. Kama kuna paka au mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni weka juu, huu mmea una sumu.

Na zile zilizokomaa zikianza kuchoka, acha maji sentimita 5 tu usiongeze, yakauke yenyewe na ua likauke polepole likiwa limesimama, rangi inafifia ila umbo linabaki. Kile kichanga usijaribu, kitasinyaa tu.