Unaenda kuwa Gunner's Mate (fundi wa mizinga na silaha kwenye meli za kivita za Marekani)? Plagi NA vifuniko vya masikio, kila mlio

Dogo umeuliza mengi, meli gani uombe ukimaliza mafunzo ya jeshi la majini kule Great Lakes, zamu zikoje, bonasi, halafu mwishoni ukachomekea kwamba kuna jamaa aliyewahi kutumikia kakwambia plagi za masikio zinazuia kusikia amri, ukishazoea mlio unazivua. Hapo hapo nimeacha kusoma mengine.

Usimsikilize huyo mtu. Mimi nimekuwa Gunner's Mate kwenye destroya (aina ya meli za kivita) za Marekani na maneno hayo hayo tuliambiwa na mkubwa wa kikosi chetu, eti mtu wa bunduki havai madude mawili, plagi peke yake inatosha na ukitaka kuongea unaivuta nje kidogo. Sisi vijana wapya tukafuata. Leo sikio langu la kushoto linalia nziiii mchana na usiku, na mtu akinitajia namba ya simu sijui kasema sita au tisa. Na huyo mkubwa mwenyewe ulikuwa ukimuuliza saa ngapi anakujibu leo kuna kuku! Dalili ilikuwa inatembea mbele yetu kila siku jamani.

Watu wanaogopa mzinga mkubwa, ule Mark 45 wa milimita 127. Lakini pale juu hakai mtu wakati wa kupiga, nyie mko chini mnajaza ngoma ya kulishia mzinga inayobeba makombora 20, kombora moja karibu kilo 32, mgongo utauma lakini chuma kinawakinga kiasi. Kinachoua masikio ni rashasha ya M2, ile ya milimita 12.7, kwa sababu unasimama nayo nje sitahani, kichwa kiko karibu na mtutu, mlio unagonga ukuta wa meli unakurudia, na mwenzako wa pembeni naye anapiga. Kikomo cha mlio wa ghafla kwa sikio tupu ni desibeli 140, ile kitu inapita 150. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba za juu, karibu na hezi 4000, kwa hiyo utasikia ngurumo vizuri tu ukadhani uko salama huku herufi kama s na f zinakukimbia.

Sasa plagi ya sponji haitumbukizwi tu. Isokote iwe nyembamba kabisa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio kwenda juu na nyuma, sukuma ndani, ishikilie kwa kidole mpaka ivimbe. Ukijitazama kwenye kioo nusu yake inaning'inia nje ujue haijaingia, toa rudia. Juu yake weka vifuniko, na miwani isiache upenyo pembeni. Amri unazipata kwa ishara za mkono na kugongwa bega, na anayeshika laini ya simu ana hedseti yake, kwa hiyo hiyo hoja ya kutosikia amri ni uongo mtupu!!

Mlio ukikubakia kichwani baada ya mazoezi nenda zahanati ya meli siku hiyo hiyo wakuandikie. Usikubali kuambiwa kunywa maji ulale. Ukija kudai fidia VA, idara ya maveterani, baadaye DD-214, ile karatasi ya kumaliza utumishi, itaonyesha kazi yako, lakini watataka kuona pia kipimo chako cha masikio cha mwanzo na cha mwisho, na kwa huo mlio wa nziiii mimi nimepewa asilimia 10, ni hiyo hiyo moja liwe sikio moja au yote mawili.

Kuhusu meli gani uombe, popote watakapokupeleka M2 utazikuta. Kipimo cha masikio utafanyiwa MEPS, kituo cha kupima wanaojiunga na jeshi, omba nakala yake, na ukipanda melini ulizia vifuniko viko kabati gani kabla hata hujaulizia kitanda.