Dagaa waliolowa Uvinza

Jumapili asubuhi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia ujumbe mrefu. Anauza maharage kwa mali kauli, mnunuzi wake yuko Mwanza. Miezi saba wamekwenda vizuri, safari ya nane hela imekuja pungufu, laki moja na nusu haipo. Mwisho wa ujumbe ananiuliza: "Dada, na mimi si nimwonyeshe? Mabovu nimeshayaweka chini ya gunia, bado kupakia tu."

Nilimjibu maneno matatu: Usipakie. Nipigie kwanza. Hakupiga. Vijana wa siku hizi wanataka jibu la maandishi, basi hili hapa, na wengine mfaidike, maana najua nyote mnaonisoma mnataka kutoka kwenye beseni na kufika kwenye ghala. Mimi nimekaribia kufika. Nilianza na beseni moja la dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mwaka 2013, leo nina chanja 42, yaani meza za kuanikia dagaa, na watu sita wanaanika chini yangu. Lakini kuna miaka miwili hapo katikati niliitupa ziwani kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa na mwenzangu Tabora. Tulikutana msibani Urambo mwaka 2016, tukapatana palepale jikoni tukimenya viazi. Mimi nampelekea dagaa wa chanja, yeye anauza sokoni, ndani ya siku saba anatoa chake na kunitumia kilichobaki. Hakuna karatasi wala shahidi. Safari ya kwanza magunia mawili, baadaye manne.

Sasa angalia mtego uliopo. Mimi naweza kuchakachua: juu ya gunia naweka dagaa wa chanja, chini nashindilia wa mchangani, ambao bei yake ni ya chini na mtu akiwatafuna meno yanalia. Yeye naye anaweza kupiga simu na kusema, "Dada, soko limelala," halafu akatuma nusu. Mimi niko Kigoma, kibanda chake sikioni. Kila safari, anayedanganya peke yake anapata zaidi. Tukidanganya wote, tunakula hasara wote. Na hata nikiwa na hakika mwenzangu ni mwaminifu, hesabu ya siku moja bado inaniambia nidanganye.

Wasomi wana jina la jambo hili, mtanziko wa mahabusu. Mwaka 1950 wanahisabati wawili wa taasisi ya RAND huko Marekani, Merrill Flood na Melvin Dresher, waliubuni kama mchezo wa hesabu, kisha Albert Tucker akauvalisha hadithi ya washukiwa wawili waliowekwa vyumba tofauti, kila mmoja akishawishiwa amchome mwenzake. Nilipoelezwa nilicheka. Mahabusu wa nini, nikasema, hawa ni mimi na yule wa Tabora.

Tulikwenda hivyo karibu miaka mitatu bila doa. Kisha zikaja mvua za Machi 2019.

Fuso lililobeba magunia yangu manne lilikwama karibu na Uvinza usiku kucha. Turubai lilikuwa limetoboka. Dagaa walilowa. Asubuhi utingo, kwa kuogopa kudaiwa, aliwamwaga kando ya barabara, akawaanika juu juu, akawazoa na mchanga wao, akashona magunia upya. Hakumwambia mtu. Mimi haya nimekuja kuyajua baadaye sana. Siku ile nilichokiona ni hela: pungufu 210,000, bila salamu. Na mwenzangu alichokiona ni dagaa wananuka na mchanga unachuruzika kutoka kwenye gunia lenye fundo langu.

Yeye akasema moyoni, huyu kanichakachulia. Mimi nikasema moyoni, huyu kaniibia. Hakuna aliyeinua simu, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba salio nilikuwa nalo.

Safari iliyofuata nikamwekea wa mchangani kweli, magunia mawili kati ya manne. Nilikaza kamba nikitabasamu. Mama yangu alikuwa pembeni, akaniuliza nacheka nini, nikamwambia dawa ya moto ni moto. Basi mwenzangu alipofungua akakuta mchanga kwa mara ya pili, shaka yote ikamwisha. Akakata hela tena. Nikamwongezea mchanga. Akachelewesha mwezi mzima. Nikamtumia magunia mepesi. Ikafika mahali sokoni Tabora jina langu likawa "yule mwizi wa Kigoma", na maneno hayo aliniletea shemeji yangu, mbele ya wageni, nikiwa nagawa chai. Siku hiyo sikula.

Mwaka 2021 ndipo mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo. Anasoma takwimu chuoni. Nikamsimulia yote nikitegemea anionee huruma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shangazi, nyinyi wawili ni programu za kompyuta." Nilitaka kumpiga kwa mwiko.

Akanieleza habari za Robert Axelrod, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwaalika wataalamu wamletee programu za kucheza mtanziko huu, si mara moja, mara 200 mfululizo. Wote wawili wakiwa waaminifu, kila mmoja anapata alama 3. Wote wakisaliti, 1 kila mmoja. Ukimsaliti aliyekuamini unapata 5, yeye 0. Zikaja programu 14, yeye akaongeza moja inayocheza kwa kubahatisha. Nyingine zilikuwa na hila ndefu kama deni la duka. Aliyeshinda ni Anatol Rapoport wa Toronto, na programu yake ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa uaminifu, kisha rudia kile alichokufanyia mwenzako safari iliyopita. Nipe nikupe, basi. Axelrod akatangaza matokeo, akaitisha mashindano ya pili, zikaja 62 kutoka nchi sita, kila mtu akijua wa kumpiga ni nani. Ikashinda ileile.

Nikamwambia, umeona? Ndicho nilichofanya. Kanipa mchanga wa hela, nikampa mchanga wa mchanga.

Akasema ngoja. Akachukua karatasi. Wacheza nipe nikupe wawili wakikutana, wote waaminifu, halafu itokee kosa moja tu, mmoja aonekane amesaliti na hakusaliti. Mwenzake analipiza. Wa kwanza analipizia kule kulipiza. Leo mimi 5 wewe 0, kesho wewe 5 mimi 0, na hivyo hivyo bila kikomo. Wastani unashuka kutoka 3 hadi 2.5. Likitokea kosa jingine katikati ya ugomvi, mnaweza kutua kwenye 1 kwa 1, na hapo hakuna anayejua tena ni nani alianza. Nilitazama ile karatasi nikaona gunia langu.

Kuna dawa, na hii ndiyo sababu ya kuandika leo. Mwaka 1992 watafiti wawili, Martin Nowak na Karl Sigmund, walichunguza wachezaji wanaokosea kosea kama binadamu, wakaona nipe nikupe kavu inapitwa na nipe nikupe yenye ukarimu. Wema unarudishwa kwa wema kila mara. Ubaya unarudishwa mara nyingi, lakini si kila mara. Kwa zile alama za 5, 3, 1 na 0, kiwango kinachofaa ni kusamehe kama mara moja katika tatu. Na usiwe na ratiba, kwa sababu mwenzako akijua utasamehe lini, siku hiyo ndiyo atakayoiba.

Msije mkanielewa vibaya mkawa majalala. Kulikuwa na programu ya kuvumilia, inalipiza baada ya kusalitiwa mara mbili mfululizo. Axelrod aliona kwamba ingekuwapo mashindano ya kwanza ingeshinda. Ya pili ikaletwa, ikawa ya 24. Wajanja walikuwa wameshaijua, wakawa wanaiumiza mara moja, wanatulia, wanaiumiza tena. Nina dada yangu wa kanisani anaendesha duka hivyo. Simsemi.

Jingine lililonichoma: ile nipe nikupe haikuwahi kumzidi mchezaji yeyote aliyekaa naye meza moja. Sana sana ilitoka naye sare, au ilizidiwa kidogo. Ilishinda jumla kwa sababu wengi waliocheza nayo walishawishika kuwa waaminifu. Mimi miaka yote nilikuwa napiga hesabu ya faida ya mwenzangu. Anapata shilingi ngapi kwa kilo? Kwa nini anunue friji kabla yangu? Ndugu zangu, friji la mtu halipunguzi dagaa wako. Ukitaka kumzidi unayefanya naye kazi, utampata, na utabaki naye huyo mmoja na hasira zake.

Kuhusu utingo: nilimkuta harusini Gungu, mwishoni mwa 2021, amekunywa vya kutosha. Akanicheka, "Mama, wale dagaa wa Uvinza walifika lakini?" Akasimulia yote. Nilitoka nje nikasimama gizani nikahesabu. Kwa hesabu zangu tulipoteza wote wawili zaidi ya milioni nne, kwa turubai moja.

Nilipiga simu Tabora usiku uleule. Hakupokea. Alipokea siku ya nne. Nilimwambia habari za utingo, nikamwambia pia safari zilizofuata mchanga ulikuwa wangu kweli. Hapo alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Dada, na mimi soko halikuwa limelala." Hatukulia wala nini. Tukakubaliana tuanze upya na gunia moja.

Gunia moja, sikieni hapo. Safari nyingi ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Ukimpa mtu magunia nane mara moja kwa mwezi, siku akiamua kukuibia anaondoka na mwezi mzima. Mawili kila wiki, anachopata kwa kukuibia ni kidogo na anachopoteza ni wiki zote zinazokuja. Kinachomshika mtu ni safari ijayo, na ikiondoka hiyo, kiapo chake hakikusaidii kitu. Hili sikulipata kwenye karatasi ya mtoto wa kaka. Mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa, uvuvi ukasimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na tarehe ilijulikana mapema. Mnunuzi mwingine kabisa, mteja wangu wa mwaka mzima, alichukua mzigo wa mwisho wiki ya kwanza ya Mei. Simu yake haijapatikana mpaka leo. Alijua hakuna safari ijayo, basi akacheza kama aliyefika mwisho. Yule wa Tabora naye alichukua wiki ileile. Alilipa siku ya tano. Nilipomwuliza kwa nini, alisema Agosti si mbali.

Kwa hiyo wewe kijana wa Kasulu, mwaga hayo mabovu. Piga simu Mwanza uulize kabla ya kuhukumu: gari gani lilibeba, liliegeshwa wapi, mvua ilinyesha? Akijibu vizuri, mpe safari nyingine ndogo. Akirudia, punguza mzigo kwa kiasi kilekile alichokupunja, umwambie wazi ni kwa nini, halafu akijirekebisha usahau. Mimi ningeambiwa hivi mwaka 2019 ningekuwa na ghala sasa, si chanja 42.

Jumanne iliyopita hela ya Tabora iliingia. Inapungua shilingi 4,000. Nimeihesabu mara mbili. Nimekaa nayo, sijamwuliza, na kesho asubuhi magunia mawili yanapakiwa. Turubai nimelikagua mwenyewe.