Dhahabu mtaitaja wengi, mimi naitaja boriti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni bidhaa gani iliyodumu kuliko zote katika biashara ya zamani ya Bahari ya Hindi. Najua wengi watakimbilia dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Lakini dhahabu ile iliuponyoka mji wa Kilwa mara Wareno walipoingia mwaka 1505. Boriti za mikoko ziliendelea kupakiwa.

Tena zilianza mapema. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliielezea Siraf, bandari tajiri ya Uajemi: nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji (mti wa tiki) na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani mwambao wetu. Ghuba ya Uajemi ni nchi kame, haina misitu ya kutoa miti ya kubeba dari. Mkoko ni mgumu, umenyooka, na mchwa hauli kirahisi. Vigae vya mitungi ya Ghuba, ile yenye rangi ya kijani-samawati, vimefukuliwa Manda, kisiwa kilicho karibu na Lamu, na Unguja Ukuu, kwa hiyo safari hazikuwa za upande mmoja.

Anayetaka ushahidi asiende makumbusho, aingie nyumba kongwe ya Lamu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki hata mita 3, kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa zaidi ya hapo. Nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba vivyo hivyo. Fundi wa huko alipima chumba chake kwa mti uliokatwa kwenye matope ya huku!

Jahazi zilikuja na kaskazi zikiwa na tende na chumvi, zikarudi na kusi zimesheheni boriti zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini-ishirini. Bado mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia shehena hiyo hiyo. Wanahistoria huipa biashara hii kurasa chache, nadhani kwa sababu boriti haing'ai.

Kilichoiua biashara ya boriti si vita wala Mreno. Pesa za mafuta zilipeleka saruji na nondo Ghuba, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ili kunusuru mikoko yenyewe.