Kwa Mnaoingia Maabara ya Oligo Mwaka Huu

Kila wanafunzi wapya wakifika naona yale yale. Chupa ya asetonitrili, kiyeyushi chetu, inaachwa wazi kwa sababu simu imeita. Amiditi, yaani monoma (kiungo kimoja) tunayojengea oligo, ule mnyororo mfupi wa DNA au RNA, inatolewa kwenye friza na kufunguliwa papo hapo, kioo kikiwa bado kinatoka jasho. Halafu, kabla oligo ya kwanza haijatoka kwenye mashine, mtu ananiuliza atakuwa mwandishi wa ngapi kwenye makala. Wadogo zangu, swali hilo si baya hata kidogo, na nitalijibu kwa kirefu kuliko yote. Ila tuanze na mezani. Nachukulia kwamba mzunguko mnaujua: kuondoa DMT (kofia ya kinga ya kila kiungo), kuunganisha, kufunga, kuoksidisha. Huo sitaufundisha hapa.

1. Pima maji kabla ya kuilaumu mashine. Asetonitrili ya kuunganishia iwe chini ya 30 ppm (sehemu kwa milioni) za maji. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini: 30 ppm ni kama milimola 1.3 za maji kwa lita, na amiditi yako ni milimola 100 kwa lita. Maji hayo yanaweza kula asilimia moja na ushee ya amiditi hiyo. Yakifika 300 ppm, asilimia 13 imekwenda kabla haijagusa kolamu ambamo oligo inajengwa. Kwa thimidini ya kununua hasara hiyo hutaiona, maana mashine inamimina ziada ya kutosha. Kwa monoma uliyoitengeneza mwenyewe hatua baada ya hatua, na imebaki miligramu mia mbili tu duniani, ziada hiyo huna. Tia punje za kukaushia za angstromu 3 usiku kucha, iache amiditi ifikie joto la chumba kabla ya kufungua, na chupa iliyofunguliwa juzi usiiamini kwa sababu tu lebo yake inasema imekauka.

2. Asilimia 95 kwa muunganisho mmoja si alama nzuri. Naelewa inakotoka furaha hiyo. Katika kemia ya kawaida, hatua ya asilimia 95 unaweza kuipigia simu nyumbani. Lakini oligo ya 21 ina miunganisho 20. Kwa asilimia 99 kila mmoja, unabaki na asilimia 82 ya mnyororo kamili. Kwa 98, unabaki na 67. Kwa 95, unabaki na 36, na hapo hata HPLC, mashine ya kusafishia, hujaigusa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia. Nusinersen, dawa ya kudhoofika kwa misuli ya watoto iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, ina viungo 18, vyote vya 2'-MOE (kundi la ziada kwenye kaboni ya 2' ya sukari), na mgongo wa fosforothioati (salfa badala ya oksijeni moja) kutoka mwanzo hadi mwisho. Hebu waza ni uangalifu wa kiasi gani unaokaa nyuma ya sindano moja ya uti wa mgongo. Kwa hiyo tazama rangi ya chungwa ya tritili, yaani ile DMT inayotoka, kila mzunguko, na ikififia pale monoma yako ilipoingia, simamisha. Monoma yenye kundi nene kwenye 2' ipe dakika kumi au zaidi. Itifaki ya DNA ya kawaida haitaitosha.

3. NMR ya fosforasi (kipimo cha kuhakiki molekuli; ppm zake ni za mahali pa kilele, si za maji) kabla ya mashine, kila mara. Vilele viwili karibu na 149 ppm, sawa. Kilele karibu na 14, maji yameshaingia. Na silika ya kusafishia itiwe trietilamini asilimia moja, la sivyo DMT itakutoka na chungwa utaliona likiteremka kwenye kolamu isiyostahili.

4. Aliyetengeneza monoma. Hapa ndipo lile swali la mwandishi wa ngapi linapokaa, na hapa nina jambo ambalo bado linaniuma.

Katika maabara moja niliyopitia alikuwapo dada wa uzamili aliyepewa kutengeneza deoksiuridini, nukliosidi (besi iliyoshikana na sukari) yenye mkono wa alkini kwenye C5. Mnaijua njia: unaanza na iododeoksiuridini, unafanya mmenyuko wa Sonogashira kwa paladi na shaba, kisha DMT, kisha fosfitilisho, hatua inayoigeuza kuwa amiditi. Mnajua pia mtego wake. Ukipasha moto au ukizembea na shaba, alkini inajikunja na kushikana na oksijeni ya jirani, unapata pete ya furani badala ya ulichokitaka. Chini ya taa ya urujuanimno doa la pete hiyo linang'aa buluu, zuri kulitazama, na ni hasara tupu. Dada yule alipigana na doa la buluu kwa miezi. Alibadilisha kiasi cha shaba, akashusha joto, akakausha kila kitu upya, mpaka akaipata njia ambayo mtu mwingine angeweza kuifuata na ikamtokea vilevile. Akamaliza shahada yake, akaondoka. Amiditi yake ikabaki kwenye friza, ndani ya argoni, na mwandiko wake juu ya lebo.

Baadaye mwanafunzi wa uzamivu akaichukua, akaiingiza kwenye oligo, na matokeo yakawa mazuri kweli. Makala ikaandikwa. Rasimu ikasomwa kwenye kikao, sisi sote tukiwa tumekaa na nakala mikononi. Jina la dada yule lilikuwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, "kwa kuandaa vifaa". Hakuna aliyefungua mdomo. Nami nilikuwamo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halina hila yoyote ndani yake, ndiyo maana nawasimulia. Mwandishi wa kwanza alikuwa akihitaji makala ile amalize masomo. Msimamizi alikuwa amesahau kweli, kwa kuwa sehemu yote ya usanisi ilikuwa imehamishiwa kwenye faili la nyongeza. Sisi wengine kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye nafasi ya kusema. Na kwenye faili lile la nyongeza, kwenye pembe ya kila spektra, zilikuwapo herufi za jina lake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiyaita mafaili yake kwenye kompyuta ya NMR.

Makala ikatoka, ikaanza kunukuliwa. Yeye alikuwa anaomba nafasi ya uzamivu kwingine, akaulizwa amechapisha nini. Akatuandikia barua pepe ya adabu, fupi, akiuliza kama ile nukliosidi ya kwenye mchoro wa kwanza ni ile yake. Tulianza kutafuta marekebisho siku ile ile. Kuongeza mwandishi baada ya kuchapisha kunataka ridhaa ya waandishi wote na maelezo kwa mhariri, na kila saini ina safari yake. Marekebisho yalitoka. Dirisha la maombi yake lilikuwa limeshafungwa. Hata baada ya hapo, kanzidata moja iliendelea kuonyesha orodha ya zamani, na kila nukuu mpya iliyoingia ilihesabiwa kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye molekuli.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili: nafasi ya jina inaamuliwa siku monoma inapotoka kwenye mikono ya mtu mmoja kwenda ya mwingine, wala si siku rasimu inaposomwa. Siku ile mwandikiane. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: nani ametengeneza, nani atatumia, na ikifika makala majina yote mawili yamo. Msimamizi wekeni kwenye nakala.

5. Hesabu ya nukuu inajua nini. Mnafungua kurasa zenu za nukuu kila asubuhi, nawaona. Basi jueni namna inavyohesabu. Faharasa ya nukuu za sayansi ya Eugene Garfield ilizinduliwa rasmi 1964, na ilipanga kazi zilizonukuliwa kwa jina la mwandishi wa kwanza pekee. Ukiwa wa pili, ulitafutwa kwa jina la mwenzako. Leo kanzidata zinampa kila mwandishi nukuu zote. Makala ya watu kumi yenye nukuu 100 inampa kila mmoja 100. Ukigawa sawa, ni kumi kumi. Faharasa h aliyoipendekeza Jorge Hirsch 2005 (una h ukiwa na makala h zilizonukuliwa angalau mara h kila moja) haiulizi nani alikausha, nani alisafisha, nani aliandika.

Mwaka huo huo wa 1964, Jerome Horwitz wa Detroit alichapisha na wenzake wawili usanisi wa nukliosidi waliyoitaka kwa ajili ya saratani. Haikufaa, akaiweka kando. Mimi nimekulia Tanzania, na sidhani kama kuna mtaa wa kwetu ambao haujawahi kuisikia molekuli ile: ni AZT, iliyoidhinishwa dhidi ya VVU Machi 1987. Hataza ilichukuliwa na kampuni, Horwitz hakuwamo. Mwenye kuhesabu nukuu zake miaka ya sabini angemwambia atafute kazi nyingine.

Na mkitaja nukliosidi iliyofungwa daraja kati ya 2' na 4', tajeni kundi la Imanishi la Japani, 1997, na la Wengel la Denmark, 1998. Wa kwanza waliiita BNA, wa pili LNA, na wengi hunukuu lile jina walilolizoea, wakamwacha mwingine nje. Ni mstari mmoja tu wa ziada.

6. Hili ndilo dogo lenye faida kubwa kuliko yote. Nukuu zilizomo kwenye faili la nyongeza kwa kawaida hazihesabiwi na kanzidata, na sisi huko ndiko tunakozika usanisi wote. Ukitumia monoma ya mtu, inukuu ndani ya makala yenyewe, pale unapoitaja mara ya kwanza. Jazeni pia orodha ya majukumu ya CRediT kwa ukweli, na kila mmoja awe na ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, kabla ya rasimu, hata wa shahada ya kwanza.

7. Lebo. Jina kamili, wala si herufi mbili, namba ya ukurasa wa daftari, tarehe, uzito, nani anaruhusiwa kuitumia na kwa kazi gani. Kwetu Ijumaa hii tunaitoa friza nzima, kichupa kwa kichupa. Kisicho na jina kitatafutiwa spektra yake, na mwenyewe ataandikiwa, hata kama alishaondoka.